Njia ya Bichi Malindi: Nani Ana Haki ya Kupita, na Ikizibwa Ufanye Nini

Mvuvi wa Malindi akiulizwa njia ya bichi ni ya nani, atasema ni ya watu wote, wazee wake wamepita papo hapo. Mwenye ploti akiulizwa swali hilo hilo, atatoa hati. Pengine hakuna anayedanganya. Njia mbili zinazofanana kwa macho, zote za mchanga, zote zina mivinje kandoni na geti mwanzoni, zaweza kuwa vitu viwili mbalimbali kisheria. Katika ile ya kwanza askari hana mamlaka ya kukusimamisha, na katika ya pili unapita kwa hisani ya mwenyewe tu. Madai mengi ya njia huharibika hapa, kabla hata ya kufika mahakamani: watu wanadai haki ya aina moja huku wameshika ushahidi wa aina nyingine.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wa kijiji, kabla ya kumwita mwakilishi wadi na waandishi wa habari, jua unashika nini.

Aina za njia, na nani anaruhusiwa

Yenye nguvu kuliko zote ni barabara iliyopimwa. Hii ilikatwa shamba kubwa lilipogawanywa ploti, ikachorwa kwenye ramani ya upimaji na kuachwa kwa matumizi ya umma. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inahesabu barabara na njia zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma. Anapita kila mtu, awe mkaazi au mgeni, kwa miguu, baiskeli, bodaboda, gari au mkokoteni wa punda. Mwenye ploti ya kando hana haki hata chembe zaidi yako. Haijalishi kama lami haijawekwa, kama magugu na mkadi vimeota katikati, au kama haijatumiwa miaka mingi. Kutotumika hakuifanyi barabara ya umma kuwa ploti ya jirani.

Ya pili ni njia ya jamii. Inapita juu ya ardhi ya mtu binafsi, na mwenyewe anabaki kuwa mwenyewe, ila umma umepewa haki ya kupita. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaizungumzia kuanzia kifungu cha 143 hadi 149. Hapa matumizi ni yale yaliyoandikwa. Ikiwekwa kuwa ya miguu, usipitishe lori la mchanga ukadai ni haki yako.

Sheria hiyo hiyo ina ndugu yake, njia ya huduma: ukanda wa nyaya za umeme, mabomba ya maji, mitaro. Watu hukosea sana hapa. Wanaona ukanda mtupu chini ya nyaya unaoelekea baharini, wanaufanya njia, kisha wanashangaa unapozungushiwa fensi. Ukanda huo ni wa shirika kufanyia kazi yake. Haujawahi kuwa njia ya umma kwa sababu tu ni mtupu.

Kuna pia haki ya ploti kwa ploti: ploti ya nyuma ina haki ya kupita katika ploti ya mbele, na imeandikwa kwenye rejista. Wanaopita ni wanaokaa ploti ile ya nyuma, wageni wao na wafanyakazi wao. Muuza madafu wa mtaa wa tatu hahusiki, hata akipita kila siku.

Mwisho ni ruhusa tupu. Mwenye hoteli anawapitisha watu getini kwa sababu ni muungwana, au kwa sababu anawahitaji. Anaweza kubadilisha nia kesho asubuhi.

Katika zote hizo, haki ya njia ni ya kupita, si ya kukaa. Kusukuma ngalawa, kubeba nyavu na madema, kupitisha samaki kwenda sokoni, hayo ni kupita. Kufungua kibanda cha vinyago katikati ya njia, kuanika nyavu juma zima, au kuegesha tuktuk usiku kucha ni kuziba, na mwenye ploti akikushtaki kaunti yuko sawa. Kufanya biashara ufuoni ni jambo la leseni na lina ofisi zake. Usilichanganye na njia, maana upande wa pili utalichanganya kwa makusudi.

Mchanga wenyewe

Ibara ile ile ya 62 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Hakuna bichi ya binafsi katika sehemu inayofikiwa na maji. Kibao cha "bichi ya hoteli" hapo hakina uzito wowote. Ila haki hiyo haikupi njia ya kufika. Mtu anaweza kuwa na haki kamili ya kusimama kwenye mchanga na asiwe na pa kushukia kwa kilomita nzima.

Juu ya alama ya maji kujaa mambo yanakuwa magumu. Kanuni za Upimaji za 1994 zinataka, ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 uachwe juu ya alama hiyo kwa ajili ya serikali, na mita 30 kando ya mito inayopata maji ya bahari. Watu wameibeba namba hii ya 60 kama ngao, wanaitaja kwenye kila mkutano. Soma vizuri: inahusu ardhi ya serikali iliyokuwa haijagawiwa, waziri anaweza kuagiza ipunguzwe, na hairudi nyuma kufuta hati za zamani. Malindi ina hati nyingi zilizotokana na sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya 1908, na baadhi ya ploti hizo zinashuka hadi ukingo wa maji. Ukienda ofisini na hoja ya mita 60 dhidi ya hati kama hiyo, utarudi na aibu.

Kuna jambo jingine ambalo ni la Malindi hasa. Mto Sabaki hutoa tope na mchanga mwingi, na kwa miongo kadhaa ghuba ya Malindi imekuwa ikijaa, ufuo ukisogea kuelekea baharini. Basi mbele ya ploti za zamani kumezaliwa ardhi mpya. Fensi nazo zikaifuata. Ikiwa mpaka wa upande wa bahari umewekwa kwa bikoni, yaani alama za mpaka zilizochimbiwa na wapima ardhi, mchanga ulioongezeka mbele ya bikoni si sehemu ya ploti. Ikiwa hati inasema mpaka ni bahari yenyewe, mpima ardhi wa mwenye ploti atadai mpaka umesogea pamoja na maji, na hapo unahitaji mpima wako na wakili.

Karatasi tatu za kutafuta

Anza na sachi, yaani upekuzi rasmi wa hati. Unahitaji nambari ya ploti. Kama huijui, chukua ya ploti jirani, ramani itakuonyesha iliyobaki. Hati nyingi za zamani za Malindi zilisajiliwa masjala ya Mombasa, nyingine ziko Kilifi, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kupanda matatu. Katika majibu usiishie kwenye jina la mwenye ardhi. Angalia sehemu ya vizuizi: ndimo mnamoandikwa haki za njia, mikopo na maagizo ya mahakama.

Ya pili ni ramani. Ploti iliyosajiliwa kwa mtindo wa zamani ina ramani yake ya hati. Nyingine ziko kwenye ramani ya mipaka ya masjala. Zote zina asili katika ramani ya upimaji inayohifadhiwa Survey of Kenya, Ruaraka, Nairobi. Itafute hiyo ya asili, kwa sababu mbili. Kwanza, ina upana wa barabara kwa tarakimu, mara nyingi mita 6, 9 au 12, wakati ramani ya masjala huonyesha mistari miwili tu. Pili, ina tarehe na maelezo ya bikoni: kama ni chuma kilichozungushiwa zege, kama ilionekana au ilipotea.

Ya tatu ni mpango wa mji na vibali vya ugawaji kwa kaunti. Ploti ilipogawanywa, mwenyewe alikubali masharti, na mara nyingi mojawapo ni kuacha barabara. Karatasi hii hufichwa kuliko zote. Ukizungushwa, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inakubali ombi la Kiswahili, haikutaki ueleze sababu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Taja waraka kwa jina na nambari ya ploti. Ukiomba "habari zote za njia ya bichi" utajibiwa kwa sentensi moja.

Kupima

Chukua utepe wa mita 30, watu wawili wa kuushika, mmoja wa kuandika, na kamera. Tafuta bikoni za pande zote mbili za njia. Chimba kidogo kwa mikono, mara nyingi zimefunikwa na mchanga au majani ya mvinje. Pima bikoni kwa bikoni mwanzoni, katikati na mwisho wa njia, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta. Ukiona ramani inasema 9 na ukuta umebakisha 4, sasa una jambo la kusema. Usiing'oe bikoni wala kuisogeza hata ukiamini imewekwa vibaya. Hilo ni kosa la jinai, na litakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Usitegemee simu. Simu ya kawaida hukosea mita 3 hadi 5 pakiwa peupe, na zaidi chini ya miti. Kwa njia ya mita 6 hiyo ni nusu ya barabara au zaidi. Kuna kosa kubwa zaidi la kuchukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza moja kwa moja kwenye ramani ya intaneti. Ramani za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, na tofauti kwa ardhi ya huku inafika mita 300 hivi. Watu wameshawahi kuandamana mbele ya ukuta usiokuwa wenyewe kwa kosa la aina hii. Ramani nyingine hata si Arc 1960 ya kawaida, ni hesabu ya Cassini, mfumo wa zamani zaidi. Mwachie mpima ardhi aliyesajiliwa azigeuze.

Alama ya maji kujaa nayo ipimwe siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida. Maji mafu hayakuonyeshi kitu. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili zinazofuata, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Jedwali la Mamlaka ya Bandari litakupa dakika. Nenda saa kumi jioni, piga picha maji yakigusa au kutogusa ukuta, kitu chenye kipimo kikiwa ndani ya picha. Rudia majira ya kusi na ya kaskazi, kwa sababu mchanga huhama. Picha ya siku moja itapingwa kirahisi kwamba ilikuwa dhoruba.

Miaka ishirini na kitabu cha askari

Kama ramani haina njia, watu hukimbilia hoja ya mazoea: "tumepita hapa miaka na miaka." Sheria ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, kifungu cha 32, kweli inaitambua njia iliyotumika kwa miaka 20. Ila masharti yake ndiyo yanayoangusha watu.

Kupita kuwe kwa amani na kwa wazi. Kuwe bila kukatizwa. Kuwe kama haki, si kwa ruhusa. Na ile miaka 20 iwe imeishia ndani ya miaka miwili kabla ya kesi kufunguliwa. Ukizibiwa leo ukakaa miaka mitatu ukilalamika barazani, umejimaliza mwenyewe. Tena hoja hii haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali, na kwa kawaida anayeidai awe na ardhi yake inayofaidika na njia. Kundi la wavuvi lisilo na ploti halifai kuingilia mlango huu. Lina wake, ambao ni ombi la njia ya jamii, tutaufikia.

Sasa tazama kile kitabu getini. Askari anakuomba uandike jina, namba ya simu, saa ya kuingia. Inaonekana ni usalama tu. Mbele ya hakimu, kitabu cha miaka kumi kilichojaa sahihi za wanakijiji ni ushahidi kwamba walipita kwa kuruhusiwa. Hivyo hivyo pasi za wavuvi, geti linalofungwa siku moja kila mwaka, na kibao cha "kupita ni kwa hisani ya mwenyewe". Mawakili wa wenye ploti wanajua vizuri kwa nini vimewekwa. Kama njia ni barabara iliyopimwa, usitie sahihi na usilipe chochote, toa nakala ya ramani. Kama huna uhakika, pita bila fujo, lakini usiandikie kundi zima barua ya "tunaomba ruhusa ya kupita". Barua moja ya adabu namna hiyo inatosha kuua dai la kijiji.

Ushahidi wa mazoea unaofaa ni maelezo ya wazee yaliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, kila mmoja akisema alichokiona mwenyewe na kuanzia lini. Ongeza picha za angani za Survey of Kenya na picha za setilaiti za miaka ya nyuma zinazoonyesha mkondo wa njia, na kumbukumbu za kituo cha samaki na kamati ya ufuo ya wavuvi, BMU.

Ikizibwa

Usivunje ukuta. Hata ukiwa na haki yote, kuuvunja kunakupeleka kituo cha polisi kwa uharibifu wa mali, na kesi ya njia inageuka kesi ya vijana wanane na nyundo.

Siku ya kwanza piga picha za mafundi, vifaa, kibao cha ujenzi kama kipo, na uandike tarehe. Ujenzi mkubwa unahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na umma una nafasi ya kupinga. Kama kibali kimeshatolewa, una siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti. Kama kuna leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, rufaa yake huenda kwenye baraza la mazingira ndani ya siku 60. Siku hizi 14 ndizo zinazopotea kwa mikutano ya kupanga mikutano.

Barua ya kwanza mpelekee mwenye ploti, na nakala kwa manispaa, kwa ofisi ya mipango ya kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Iwe ukurasa mmoja: nambari ya ploti, nambari ya ramani, upana ulioandikwa, upana uliobaki, tarehe ya kuzibwa, unachotaka kifanyike, na siku unazompa. Ambatisha picha mbili na nakala ya ramani. Matusi na historia ya ukoloni visiingie. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, vinginevyo hukuwahi kuandika. Kama barabara ni kuu, ile ya kutoka Mombasa, barua iende KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, maana kaunti itasema si yake, na safari hii itakuwa inasema kweli.

Itake kaunti itoe ilani ya utekelezaji chini ya kifungu cha 72 cha sheria hiyo ya 2019. Ni rahisi kuliko kesi: mjenzi anaamriwa asimame na arudishe hali ya awali. Pia kifungu cha 157 cha Sheria ya Ardhi kinafanya kuziba njia ya umma kuwa kosa.

Yote yakishindikana, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo hapo Malindi. Si lazima uwe na ploti: ibara ya 22 ya Katiba inamruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma. Omba kwanza amri ya kusimamisha ujenzi. Jaji atauliza umekaa muda gani tangu uone, na ndiyo faida ya ile picha ya siku ya kwanza.

Kama njia haipo kabisa

Ploti iliyofungiwa pande zote ina dawa yake. Mwenyewe anaomba amri ya kupewa njia chini ya kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi. Mahakama hutazama ploti ilifungika vipi, ilikuwa na njia gani iliponunuliwa, na nani ataumia zaidi. Aliyenunua kwa bei ya chini akijua haina njia atasikilizwa, ila hatahurumiwa sana.

Kijiji au wavuvi waombe njia ya jamii. Ombi linaweza kutoka kwa kaunti, chama au kundi la watu, na hupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Chora mkondo mmoja kwenye nakala ya ramani, wenye upana, na ueleze matumizi: miguu tu, au pamoja na mkokoteni wa kubebea mashine za boti. Omba kidogo unachohitaji, mita 3 za miguu hupatikana ambapo mita 9 za gari hukataliwa. Mwenye ardhi ana haki ya fidia, kwa hiyo muulize mapema afisa wa kaunti itatoka mfuko gani. Maombi mengi hulala hapo.

Lamu

Njia hugombaniwa Lamu pia, ila vichochoro vya Mji wa Kale wa huko havina mambo ya bikoni. Vimebanwa na kuta za nyumba, na anayevipunguza hafanyi kwa fensi, hufanya kwa ngazi moja, baraza iliyosogea mbele, kifuniko cha shimo la maji machafu, au jenereta. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ujenzi wowote upitie pia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, inakubalika kwa sababu inajenga juu na kuacha njia chini, lakini kipimo chake ni punda aliyebeba mzigo na mchungaji wake kando, si mtu anayetembea peke yake. Ukipinga ujenzi, pima kwa huyo punda: upana wa mzigo kutoka pembe hadi pembe, na kimo cha mawe yakiwa mgongoni. Pikipiki ni jambo lingine: kuwa na haki ya njia hakumaanishi kila chombo kinaruhusiwa, na kaunti imeshazipiga marufuku pikipiki ndani ya mji huo.

Ukishinda

Amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi yapeleke kwa msajili wa ardhi yaandikwe kwenye rejista ya ile ploti. Hatua hii husahaulika katika furaha, kisha ploti inauzwa, mnunuzi anaonyesha sachi safi, na kijiji kinaanza upya. Mlete mpima ardhi arudishe bikoni zilizopotea, mpige picha zikiwa na zege bichi, na baada ya mwezi fanya sachi nyingine uone kwa macho yako kwamba maandishi yameingia.